Tupeane uzoefu: nani chuoni kwenu alistahili tuzo ya kuwaunganisha watu wa mataifa?

Mlimani 88: Ndugu zangu, jana nilialikwa kwenye hafla ya chuo kimoja, ambako watumishi waliokuza maelewano ya kimataifa walitunukiwa vyeti. Waliopanda jukwaani wote walikuwa wakuu wa idara waliotia saini mikataba na vyuo vya nje. Sina ugomvi nao, kwa kuwa bila mikataba hiyo wanafunzi wengi wasingesafiri. Hata hivyo, nilimkumbuka mtunza bweni wetu wa Mlimani, ambaye kila jioni aliwakalisha barazani wenzetu wa Afrika Kusini na Namibia waliokuwa uhamishoni, akawafundisha bao, na kuwaeleza kwa subira kwa nini mtu haruhusiwi kutakata (kusogeza kete bila kula) ilhali ana mtaji (nafasi ya kula). Kiswahili chao kilitoka kwenye kete zile. Hakuwahi kutajwa popote. Naomba nanyi mwataje wenu.

Binti Vuga: Nyumbani kwetu Unguja tulikuwa tukipokea wageni waliokuja kusoma Kiswahili TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, kabla haijaunganishwa na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kijana mmoja wa Kijerumani alimwamkia bibi yangu kwa neno "Mambo!", na bibi akanyamaza kimya. Jioni ile ile mwalimu wake alikuja, akaketi naye mkekani, wakarudia "Shikamoo" mpaka bibi mwenyewe akacheka na kuitika "Marahaba, mwanangu." Kwa saa zile mwalimu yule hakulipwa na mtu.

Nilikuwa Wuhan: Mada hii imenitonesha kidonda, kwa hiyo mnivumilie. Tarehe 23 Januari 2020 mji ulifungwa kwa sababu ya korona, zikiwa zimebaki siku mbili tu kufika Mwaka Mpya wa Kichina. Wanafunzi wenyeji walikuwa wamekwenda makwao, na bweni la wageni likabaki na sisi Waafrika na Wapakistani. Wiki ya tatu nikapandwa na homa. Niliificha siku mbili kwa vidonge nilivyotoka navyo nyumbani, kwa sababu niliamini kwamba nikichukuliwa sitarudi, na mama yangu hataniona tena hata maiti.

Msimamizi wa bweni, mama wa makamo ambaye sote tulimwita "ayi", yaani shangazi, alikuwa akitupima joto kila asubuhi, na tangu mji ufungwe alikuwa akilala ofisini kwake kwenye kitanda cha kukunja. Aliponigundua hakunifokea. Aliandika kwenye simu yake, programu ikatafsiri, akaigeuza nisome: "Binti usiogope mimi niko mlangoni." Gari lilipofika hakuruhusiwa kupanda, akanipa chupa ya maji ya moto, machenza sita na skafu aliyoivua shingoni mwake. Nilipimwa ikaonekana ni mafindofindo, lakini niliwekwa karantini siku 14, na kila jioni alinitumia picha ya mlango wa chumba changu ili nijue kwamba kinaningoja.

Mji ulifunguliwa tarehe 8 Aprili, baada ya siku 76. Tuzo ya urafiki wa kimataifa chuoni ilikwenda kwa ofisa ambaye miezi yote ile alikuwa mkoa mwingine. Ayi alikuwa nyuma ya ukumbi, akipanga viti. Tuliandika barua tukaitia saini, na hatukujibiwa. Mwishowe tulimwagizia kanga kutoka Dar es Salaam yenye jina "Wema hauozi".

Mama Pili: Nimesoma huku machozi yakinitoka. Huyo ayi apewe shahada ya heshima.

Mwalimu wa Eldoret: Poleni sana, lakini hapo sikubaliani nanyi. Mimi nilikwenda Marekani mwaka mmoja wa masomo kufundisha Kiswahili kwa ufadhili wa Fulbright wa serikali ya Marekani, na mpango huo umekuwapo tangu 1946 kwa sababu kuna watu walioketi wakaandika sheria na kutafuta fedha. Msimamizi wa bweni analipwa mshahara wa kusimamia bweni. Tukimtunuku kila aliyetimiza kazi yake, tuzo itapoteza uzito.

Mlimani 88: Mkuu wa idara naye analipwa mshahara, mwalimu wangu.

Mama Pili: Tena wake ni mkubwa zaidi.

Lumumba wa Moscow: Msigombane, wanangu. Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza Kirusi, na bila mwalimu wetu yule wa lugha, maprofesa wakubwa wasingekuwa na mtu wa kumfundisha. Ushauri wangu ni kwamba wanafunzi wageni ndio wapendekeze majina.

Mwalimu wa Eldoret: Shikamoo mzee. Hilo nalikubali, mradi kamati ya chuo ithibitishe.

Binti Vuga: Kamati zitachelewa. Waandikieni watoto wa wahusika, wajue wazazi wao walifanya nini. Dada wa Wuhan, ile kanga aliivaa?

Nilikuwa Wuhan: Hakuivaa. Aliitundika kama pazia kwenye dirisha la ofisi yake, maandishi yakitazama nje, na wanafunzi wapya kutoka kwetu wanapofika humsomea kwa sauti.