Mjadala: Kodi yetu inunue magitaa?

Mleta mada

Wakuu, hili jambo kila nikiliweka kijiweni naambiwa nimeshiba. Nasema serikali itenge fedha za kodi kwa ajili ya sanaa, na izitoe kama inavyotoa za barabara, si kama mkopo.

Mjomba wangu alipiga besi kwenye bendi ya shirika moja la umma. Vijana wengi hawajui kwamba nyimbo za zamani mnazocheza harusini zilitoka kwenye bendi za namna hiyo. NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na JKT walikuwa na zao.

Mwanamuziki aliajiriwa. Mshahara mwisho wa mwezi, vyombo vya bendi, ukumbi upo. Mjomba hakuwahi kumiliki gitaa, na hakulihitaji. (Bibi aliwaambia majirani mwanawe "yuko shirika", besi hakuitaja hata siku moja.) Walichopata kikubwa ni mchana. Mchana mzima wa mazoezi, wiki baada ya wiki, watu walewale. Ndiyo maana kwenye zile nyimbo magitaa matatu yanaongea bila kukanyagana, na tarumbeta zinajua zinaingilia wapi. Watu waliokutana juzi studio hawawezi hilo, hata wawe na vipaji vya namna gani.

Shirika lilipokufa, vyombo vikapigwa mnada. Mjomba alimalizia maisha akikodi gitaa la kupigia harusi.

Sidai turudishe mashirika. Umma ununue vyombo, ujenge kumbi, uajiri walimu. Basi.

Mhasibu wa Kata

Mkuu, mjomba apumzike pema. Ila kuna zahanati huku wajawazito wanaambiwa waje na glovu zao. Ukinionyesha shilingi ya ziada, naipeleka huko kwanza.

Halafu Bongo Fleva je? Ilikua miaka ya 90, redio binafsi zilipofunguliwa, vijana wakirekodi kwenye vyumba vya uani. Hakuna aliyewanunulia gitaa, na leo wanajaza viwanja hadi nje ya nchi. Anayeshindwa kuuza kiingilio ashone viatu.

Mleta mada

Waliimba kwa lugha gani hao? BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, iliundwa 1967 kwa fedha za nani? Kiswahili kimefundishwa kila shule ya msingi kwa fedha za nani? Mtu wa Kigoma na mtu wa Lindi wanacheza wimbo mmoja kwa sababu kodi za wazee wao zilitangulia kulima. Soko lilikuja siku ya mavuno.

Na soko hununua linachokijua. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, mpiga zeze na ilimba (marimba ya vidole). Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimleta Dar, na baadaye akawa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Alipofariki 2003 alikuwa ameshapiga zeze lake Ulaya na kwingineko. Benki gani ingemkopesha kwa dhamana ya zeze? Leo tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo. Kwa mwenye video ya kuuza, sawa. Mpiga marimba wa kijijini arudishe mkopo kwa nini, kwa makofi?

Glovu nakubali, bila ubishi. Ila ukitafuta pa kupunguza, anza na semina na misafara ya magari kabla hujafika kwa besi.

Mtu wa Darajani

Mie nipo Unguja. Tamasha letu la muziki, Sauti za Busara, lilianza 2004, na 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikupatikana. Mwaka ule Februari tuliiona: vyumba vya wageni vitupu, wauza urojo wa Forodhani wamejiinamia, Ngome Kongwe linakofanyika kimya. Miaka yote tamasha lilikuwa likitegemea sana fedha za balozi na wafadhili wa nje. Kwa hivyo umma unaolipia sanaa yetu upo tayari, ila ni umma wa Ulaya. Wakipunguza wao, sie tunazima taa.

Jirani wa Kenya

Huku kwetu tamasha la drama la shule lipo tangu 1959, chini ya serikali. Ni kitu kizuri sana, waigizaji wetu wengi wamepitia hapo. Lakini Aprili 2025 kule Nakuru wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo wenye kugusa siasa. Nje polisi wakarusha vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza. Mwenye jukwaa na mwenye vitoa machozi ni mmoja. Hapo mnajibu vipi?

Mhasibu wa Kata

Ahsante, jirani. Huku nako sheria ya 1984 iliipa BASATA, baraza la sanaa la taifa, kazi ya kuendeleza sanaa, na ni BASATA hiyohiyo iliyowafungia wanamuziki Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho Desemba 2018 kwa wimbo mmoja. Mpe huyo na mkoba wa magitaa uone. Mkono mtupu haulambwi, na wenye kitu utalambwa mpaka usiku.

Mleta mada

Hapo umenipiga. Jibu langu ni kwamba anayetoa vyombo asiwe na mamlaka ya kufungia mtu, na vyombo vikae halmashauri, viazimwe kwa daftari kama vitabu vya maktaba.

Na niseme ukweli. Bendi ya mjomba ilikuwa na nyimbo za chama. Alinisimulia kwamba walikuwa wakizimaliza saa mbili usiku, ukumbi ukiwa na wahudumu na viti. Watu wakijaa, wanaingia kwenye nyimbo za mapenzi.

Mhasibu wa Kata

Daftari nitashika mimi. Gitaa likirudi limekatika nyuzi, nani analipa?

Mleta mada

Aliyeazima. Nyuzi hazina ruzuku.