Kaburi la Uingereza, karne ya 5 au 6: upime DNA, isotopu au uangalie bizimu?

Kitabaka: Wakuu, mifupa imetoka makaburi ya mashariki mwa Uingereza. Nataka kujua marehemu alivuka Bahari ya Kaskazini kutoka bara la Ulaya au alizaliwa palepale. Bajeti ni ya kipimo kimoja.

mzee_wa_maabara: DNA itakupa ukoo, haitakupa safari. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ukoo wa ng'ambo unafika hadi 76% mashariki na kusini mwa nchi, lakini mjukuu aliyezaliwa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, husomeka sawa na babu aliyeshuka chomboni. Ukiamua, toboa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Kwangua kwanza tabaka la juu na uvae glavu, la sivyo utapima jasho la mchimbaji. (Wanaofuatilia Washirazi wetu: utafiti wa pwani wa 2023 ulionyesha asili ya Kiajemi iliingia zaidi kupitia wanaume. Kule Uingereza walivuka wanaume kwa wanawake.)

Gego1: Kwa swali lako hasa, isotopu za strontiamu, yaani aina za elementi ya miamba inayoingia jinoni kwa chakula na maji na kuonyesha mtu alikulia wapi. Chukua enameli (ganda gumu la nje) ya gego la kwanza, ambayo hukamilika mtoto akiwa na miaka kama 3. Usiguse dentini, sehemu ya ndani ya jino, hunyonya strontiamu ya udongo wa kaburi. Shida ni kwamba miamba ya chokaa ya mashariki mwa Uingereza na ya Denmark hutoa namba (uwiano wa strontiamu 87 kwa 86) zinazoingiliana, kwenye 0.708 hivi na kuendelea. Kwa hiyo jibu la "si mwenyeji" liamini; la "mwenyeji" lishuku.

Kitabaka: Na bizimu, ile pini ya kufungia vazi? Kaburini lipo la umbo la msalaba.

Gego1: Bizimu litumie kupanga tarehe, maana mchoro wa kugeuza kipimo cha kaboni 14 kuwa miaka umelala bapa katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, hivyo hautofautishi miaka vizuri. Asili ya mtu halisemi. Binti aliyefukuliwa makaburi ya Updown, Kent, alizikwa kwa desturi za majirani zake, kumbe karibu theluthi ya ukoo wake ni ya Afrika Magharibi.

mkaa_na_majivu: Mnasahau waliochomwa. Makaburi ya Spong Hill, mashariki mwa Uingereza, pekee yana mazishi ya majivu zaidi ya 2,000, na moto huua DNA. Ile 76% ni ya waliozikwa bila kuchomwa tu! Enameli nayo hupasuka motoni. Tafuta kipande kilichoungua hadi kuwa cheupe cha mfupa uleule wa sikio: strontiamu ya utotoni hubaki humo.