Nyuzi 45 Phoenix, 36 Maskati, 34 Ujerumani: nani yuko hatarini zaidi?

MwanaKigamboni
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba wenye ujuzi wa mambo ya joto mnisaidie. Kaka yangu anaanza kazi ya saiti Maskati tarehe 10 Juni. Binamu yuko Phoenix, Arizona. Dada yuko Ujerumani, ghorofa ya 4, nyumba haina kiyoyozi, ana mtoto wa miezi 8 na mwenyewe anatumia insulini.

Kinachonichanganya ni hizi namba. Phoenix ikifika 45 watu wanaendelea na shughuli. Maskati ikiwa 36 tu naambiwa watu wanazimia. Ujerumani ikiwa 34 serikali inatoa tahadhari, na sisi Dar tunakaa na 32 hadi 33 Februari yote. Nitazame namba ipi nijue ni hatari? Na kila mmoja afanye nini hasa kulingana na mahali alipo?

KusiNaKaskazi
Nyuzi peke yake hazikuambii mengi mpaka ujue hewa imebeba maji kiasi gani. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto la kama kilokalori 580. Likichuruzika na kudondoka chini, umepoteza maji na chumvi na hujapoa.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Tafuta vipimajoto viwili vya ukutani. Kimoja kivishe ncha yake ya chini kipande cha kamba ya kiatu ya pamba, mwisho wa kamba uzamishe kwenye kikombe cha maji yenye joto la chumba. Viweke vyote kivulini, vipigwe na feni dakika 5, kisha soma. Kile chenye kitambaa kibichi kinakuonyesha ngozi yenye jasho inaweza kupoa mpaka wapi. Kosa la kawaida ni kutumia kamba ya nailoni, ambayo hainyonyi maji, au kuacha kikombe kikauke; hapo vipimajoto vyote viwili vitasoma sawa na utadhani hewa imejaa unyevu.

Sasa weka namba zako. Phoenix nyuzi 45 na unyevu asilimia 10, kitambaa kibichi kinasoma kama 21. Dar nyuzi 32 na unyevu 70, kinasoma 27. Maskati nyuzi 36 na unyevu 70, kinasoma 31. Kwa hesabu hiyo kaka yako yuko pabaya kuliko binamu, ingawa simu ya binamu inaonyesha nyuzi 9 zaidi. Kinadharia binadamu hawezi kustahimili 35 ya kitambaa kibichi kwa saa kadhaa hata akiwa amekaa kivulini uchi. Vipimo vya maabara kwa vijana wenye afya vimeonyesha mwili unaanza kulemewa karibu na 31 tu, tena kwa kazi nyepesi.

Kama huna vipimajoto, tazama kwenye simu kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani unaanza kugeuka matone. Kikifika 24 au 25 ndilo fukuto la Dar tunalolijua. Kikipita 28 hilo ni la Ghuba. Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 8 Julai 2003 kilipimwa 35.

Namba ya pili ya kutazama ni joto la usiku, na hii watu wengi wanaipuuza. Qurayyat, kusini mashariki mwa Maskati, tarehe 26 Juni 2018 joto la chini kabisa kwa saa 24 lilikuwa 42.6. Upepo ulishuka kutoka milima ya Hajar, na hewa inayoshuka mlimani inagandamizwa na kupata joto, kwa hiyo hata usiku wa manane hakukuwa na nafuu. Moyo ambao haukupumzika usiku unaanza siku inayofuata ukiwa tayari umechoka. Ndiyo maana vifo vinazidi kuongezeka joto likiendelea siku kadhaa mfululizo.

Niongeze hili kwa kuwa linatuhusu watu wa pwani. Kusi ileile inayotuletea ubaridi Juni hadi Agosti ikishavuka ikweta inapinda kuelekea Uarabuni, inasukuma maji ya juu ya bahari na kuvuta ya baridi kutoka chini, halafu inapiga milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Salalah inapata ukungu, manyunyu na nyuzi 26 hivi wakati Maskati inaungua, nchi moja na mwezi mmoja. Kwa hiyo kaka yako akisema "Oman", muulize Oman ipi.

Msimamizi_Saiti
Nijibu la kaka tu.

Asidhani ametoka Dar kwa hiyo ameshazoea. Juni Dar ni msimu wa baridi na mwili umeshasahau joto la Februari. Siku ya kwanza afanye sehemu ya tano tu ya kazi nzito juani, yaani kwa zamu ya saa 8 ni kama saa moja na nusu, muda uliobaki apewe kazi za kivulini. Kila siku aongeze sehemu ya tano nyingine. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kujifunza kutoa jasho mapema zaidi na lenye chumvi kidogo. Wanaoanguka saiti wengi ni wageni wa siku chache za kwanza, na waliorudi likizo ya wiki kadhaa wakaanza palepale walipoachia.

Sheria ya Oman inakataza kazi ya juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Akihamishiwa Imarati (Falme za Kiarabu) ni 6:30 hadi 9:00, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar ni saa 4:00 asubuhi hadi 9:30, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Lakini asiitegemee saa peke yake. Hewa ya bahari asubuhi inakuwa na unyevu mwingi sana, na saa 3 asubuhi bila upepo, ndani ya shimo la msingi au nyuma ya ukuta wa zege, inaweza kumwangusha mtu kabla ya muda wa katazo kufika.

Maji: kikombe cha mililita 250 kila dakika 20, hata kama hana kiu. Asizidishe lita 1.4 kwa saa. Maji matupu mengi bila chumvi yanazimua damu, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege, huku wenzake wanazidi kumnywesha wakidhani ni kiu. Asiruke chakula, maana chumvi nyingi inarudi kupitia mlo. Siku za jasho jingi achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya mlima. Atazame mkojo: rangi ya maji ya ndimu ni salama, ya chai ya rangi nzito ni dalili kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Hapo asisubiri kesho, aende hospitali.

Jambo jingine asiloambiwa na mtu: maji ya bomba la "baridi" Maskati Julai yanatoka kwenye tangi la juu ya paa na yanaweza kuunguza. Wenyeji wanazima hita ya bafuni kuanzia Juni. Tangi la hita liko ndani ya nyumba, kwa hiyo maji yanakaa humo yakishuka mpaka joto la chumba. Kuanzia hapo bomba jekundu ndilo la baridi na la buluu ndilo la moto. Oktoba akiwasha tena, aiache ifike nyuzi 60 kwanza kabla ya kuoga, maana maji ya vuguvugu yaliyotuama yanakuza bakteria.

FundiBaridi
Phoenix hatari yake ni nyingine. Jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anapoteza lita nzima kwa saa na shati ni kavu. Mwaka 2023 jiji lilikaa siku 31 mfululizo joto la mchana likifika nyuzi 43 au zaidi, na kaunti yake ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Kule kiyoyozi si anasa.

Binamu aanze na mashine kabla ya Mei. Chujio libadilishwe au lisafishwe kila mwezi. Mashine ya nje ipulizwe vumbi kwa maji ya bomba yasiyo na shinikizo kubwa, umeme ukiwa umezimwa. Apime hewa inayoingia kwenye chujio na ile inayotoka: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa 5, kuna uchafu au gesi imepungua. Asiweke 18 akidhani itapoza haraka, haitapoza haraka. Nje kukiwa 45 mashine itazunguka bila kupumzika na haitafika. Aweke 25 au 26 na feni ya dari.

Kinachoharibika sana wiki za joto kali ni kapasita ya mashine ya nje, kifaa kidogo kinachotunza umeme wa kuanzisha mota. Dalili yake ni kwamba inavuma lakini feni haizunguki. Azime swichi kuu mara moja kabla kompresa (pampu ya gesi) haijaungua, amwite fundi. Asifungue mwenyewe, kapasita inashika umeme hata baada ya kuzimwa.

Nyumba nyingine kule zina kipoza hewa cha maji, yaani feni inayopitisha hewa kwenye pedi zilizolowa, badala ya kiyoyozi. Hiki kinataka dirisha lifunguliwe vidole vitatu au vinne ili hewa yenye unyevu itoke. Ukifunga kila kitu, baada ya saa moja chumba kinakuwa kama jiko la pilau lililofunikwa. Na kiwango cha umande kikipita 13 hivi, kama inavyokuwa msimu wa mvua zao za Julai na Agosti, hakipozi tena. Hapo aende maktaba au kituo cha kupoozea watu. Akipiga 211 ataelekezwa cha karibu.

Lami ya mchana inaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Maji ya kwanza ya mpira wa bustani pia yanaunguza, ayaachie yamwagike kabla ya kumnyunyizia mtoto. Na akikutwa na dhoruba ya vumbi barabarani, atoke nje ya lami kabisa, azime taa ZOTE na aondoe mguu kwenye breki. Taa zikiwaka, dereva wa nyuma asiyeona kitu anazifuata akidhani ndiyo njia.

MwanaKigamboni
Shukrani sana wakuu, nimemtumia kaka tayari. Bado la dada. Kanunua feni na mapazia mazito lakini anasema chumba saa 4 usiku bado ni 31. Na insulini je?

NesiZamu
Pole kwake. Nyumba za kule zimejengwa kushika joto ndani wakati wa baridi ya Januari, na kiangazi kuta zinafanya kazi ileile. Uingereza ilipofika 40.3 pale Coningsby tarehe 19 Julai 2022, shida ilikuwa hiyohiyo.

Pazia la ndani linasaidia kidogo sana, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia, pazia linachemka na kulimwaga chumbani. Kizuizi kiwe NJE ya kioo. Kama dirisha lina shata za nje za kushusha, azishushe kabla jua halijafika upande huo. Kama hazipo, shuka jeupe lililofungwa imara nje ya dirisha linafaa. Madirisha yafungwe pale tu nje kunapokuwa na joto kuliko ndani, yafunguliwe pale nje kunapokuwa baridi zaidi, kwa kawaida usiku hadi alfajiri. Usiku feni aielekeze NJE kwenye dirisha moja na afungue jingine upande wa pili. Inasukuma hewa moto nje, ya baridi inaingia yenyewe. Awe makini sana na mtoto karibu na madirisha hayo ya ghorofa ya 4.

Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na kwa miezi 8 anaweza kupewa maji kidogo kidogo. Kigari asikifunike kwa kitambaa, hata chepesi. Hewa haipiti na ndani kunapanda haraka. Gari lililofungwa linaongeza nyuzi 11 hivi ndani ya dakika 10, asimwache humo hata anaponunua mkate.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, maana ikiganda imeharibika. Inayotumika, aina nyingi zinavumilia mpaka nyuzi 30 kwa siku 28, asome karatasi yake. Chumba chake kina 31, kwa hiyo aiweke kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Apime sukari mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu joto linafanya insulini iingie damuni haraka na sukari inaweza kushuka ghafla.

Mwisho, kwa wote watatu. Mtu aliyezidiwa na joto akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoa jasho. Pigeni simu (Oman 9999, Marekani 911, Ujerumani 112) na muanze kumpoza PALEPALE kabla gari halijafika. Saiti, mlazeni kwenye turubai, watu wanne washike pembe ziwe juu, mwageni ndoo nne au tano za lita 20 zenye barafu na mtikise turubai maji yazunguke mwilini. Kichwa kiwe juu ya maji. Lengo ni joto la mwili lishuke chini ya 39 ndani ya nusu saa. Paracetamol haisaidii hapa, hii si homa. Na asinyweshwe chochote akiwa hajielewi, atapaliwa.

KusiNaKaskazi
Nyongeza kwa dada kuhusu feni: hewa ya chumba ikipita 40 na ikiwa kavu, feni inamwagia joto mwilini kama ile ya jiko la mkaa. Kwa 31 aitumie bila wasiwasi, ila ajilowanishe mikono, shingo na miguu kila dakika 10. Ngozi ikikauka, alowanishe tena.