Tupeane uzoefu: pikipiki inayosumbua kuwaka, unaanzia wapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu nataka tukusanye utaratibu wa kutafuta ugonjwa wa pikipiki inayogoma kuwaka, hasa hizi za biashara za cc 100 hadi 150 zenye kabureta. Pikipiki ikigoma watu wanakimbilia dukani: leo plagi, kesho CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche), keshokutwa kabureta nzima, na ugonjwa uko palepale. Anayechangia aweke dalili, namna ya kupima, na tiba. Simulizi za safari tuziache kijiweni.

Naanza na vya bure. Swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani wa kulia, mara nyingi imeguswa na mtu bila mwenyewe kujua. Koki ya mafuta iko ON, au tangi limefikia pa kuweka RES (akiba)? Kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kikopo. Mafuta yakitoka mfululizo, njia ya juu ni nzima. Yakidondoka tone tone, usianze kuilaumu kabureta. Angalia chujio la koki, mpira uliojikunja, na tundu la pumzi kwenye mfuniko wa tangi. Tundu likiziba pikipiki hutembea vizuri kwa muda, huzima, ukipumzika dakika chache inawaka tena. Ukifungua mfuniko ukasikia tangi linavuta hewa, ndiyo hiyo.

Hicho kikopo usikimwage. Yaache mafuta yatulie dakika kumi kwenye chupa inayopitisha mwanga. Maji hukaa chini, na utaona mstari.

Spana10

Mafuta yakishafika, tazama moto. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kigusane na kichwa cha silinda, mbali na tundu ulikoitoa, maana pale kuna mvuke wa petroli. Washa swichi, piga kiki. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ya njano nyembamba ni dhaifu, na ikishaingia ndani kwenye mgandamizo huenda isiruke kabisa.

Plagi yenyewe inasema mengi kabla hujaisafisha. Ikiwa na rangi ya kahawia haina neno. Nyeusi kavu kama sufuria ya kuni, mafuta yanazidi au filta ya hewa imeziba. Nyeusi inayoteleza, oili inapanda. Imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui. Kavu kabisa baada ya kiki kumi, mafuta hayafiki.

Mwanya kwa injini za aina ya CG (muundo wa Honda CG125), zinazotumia plagi ya D8EA, ni milimita 0.6 hadi 0.7. Huna geji? Mgongo wa msumeno wa chuma, upande usio na meno, una unene wa karibu milimita 0.6. Tumia brashi na petroli kusafisha, msasa uuache; chembe zake hubaki ndani ya plagi.

Ukikosa moto, usiikamate CDI kwanza. Fungua kofia ya plagi, inatoka kwa kuzungushwa, kata milimita 5 za waya mkuu, ifunge upya. Kofia nyingi zina ukinzani wa karibu kilo-ohm 5; geji ya umeme (multimita) isiposoma kitu, kofia imekufa. Kisha, kwa pikipiki yenye CDI ya AC, chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye CDI. Huo ndio unaozima injini kwa kugusana na ethi (chuma cha fremu). Ukiuchomoa na moto ukarudi, tatizo ni swichi ya funguo, swichi nyekundu, au waya uliochubuka chini ya tangi. CDI ni nzima. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa nje, ufunguo hauzimi injini. Uurudishe baada ya kupima.

Moto usiporudi, pima waya mweusi wenye mstari mwekundu (unaoleta umeme wa CDI kutoka magneti) na ethi: unatarajia ohm mia kadhaa. Bluu yenye mstari mweupe (waya wa ishara) na ethi: kati ya 100 na 200 hivi. Ukisoma sifuri, au geji isipotikisika, fungua upande wa magneti. Rangi hizi ni za CG; nyaya zilizokwisha kuungwaungwa zifuate kwa mkono, usiamini rangi.

Dada wa Spea

Naongeza hapo kwa Spana10. CDI ya AC na ya DC hazibadilishani, hata kama soketi inaingia vizuri kabisa. Ya AC inapata umeme kutoka kwenye koili ya magneti, kwa hiyo pikipiki inawaka kwa kiki hata betri ukiitoa. Ya DC inakula umeme wa betri. Betri ikifa kabisa, utapiga kiki mpaka jioni. Njoo dukani na ile mbovu mkononi, tulinganishe waya kwa waya. Na vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi, tusigombane.

Mkulima Makete

Huku kwetu baridi ya Juni na Julai ni somo peke yake. Chok (kibao kinachobana hewa ya kabureta) iliyofungwa inataka ekseli isiguswe. Ukivuta chok huku unazungusha ekseli unaharibu mvuto wa kabureta kwenye njia ya chok, halafu unalalamika. Fanya hivi: swichi ikiwa imezimwa, chok imefungwa, piga kiki mbili za taratibu ili mafuta yaingie. Washa swichi, piga moja ya nguvu mpaka chini. Ikikubali, iache nusu dakika hadi dakika moja, ndipo urudishe chok polepole.

Oili nayo. 20W-50 kwenye baridi ni nzito, kiki inakuwa ngumu na stata inachoka. Kama kitabu cha pikipiki kinaruhusu 10W-40, itumie miezi hiyo.

Ukishazidisha mafuta, harufu ya petroli inasikika kwenye bomba la moshi. Funga koki, fungua chok, zungusha ekseli mpaka mwisho, piga kiki nane hadi kumi. Ikigoma, toa plagi uikaushe, upige kiki kadhaa tundu likiwa wazi na swichi imezimwa.

Mzee wa Kabureta

Dalili ninayoiona imeandikwa vibaya kila mahali ni hii: pikipiki inawaka kwa chok, ukiirudisha chok inazima, au inaishi tu ukiwa umeshikilia ekseli. Huo ni ugonjwa wa jeti ndogo (jeti ni kipande chenye tundu la kupimia mafuta). Jeti kubwa haihusiki na kuwaka, waacheni kuihangaisha.

Funga koki, mwaga bakuli, toa skrubu za bakuli kwa bisibisi inayokaa sawasawa maana ni laini. Utaona jeti mbili. Ndogo ndiyo iliyozama ndani ya tundu. Ifungue, iinue kwenye mwanga wa jua: lazima uone duara safi. Tundu lake halifiki nusu milimita, kwa hiyo petroli iliyokaa wiki kadhaa ikaacha gundi inatosha kuliziba. Izungushie petroli, pulizia upepo, na ikibidi pitisha unywele mmoja wa waya wa shaba. Waya wa breki ni chuma. Ukiupitisha mara moja umepanua tundu na mchanganyiko hautakaa sawa tena. Puliza pia njia yenyewe ndani ya kabureta, kwa sababu jeti safi kwenye njia chafu haikusaidii.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge ukihesabu mizunguko, uandike. Funga kwa vidole tu, ncha yake huvunjika. Ukiwa huna namba, anzia mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hapa mafundi wengi wanakosea: skrubu ikiwa upande wa filta, inapima hewa, ukiilegeza mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, ukiilegeza yanaongezeka. Usimwambie mtu "legeza kidogo" kabla hujajua iko upande gani.

Boya nalo. Mpira wa chini wa kabureta ukidondosha petroli pikipiki ikiwa imesimama, sindano ya boya imechakaa au ina uchafu. Tikisa boya karibu na sikio. Yakisikika mafuta ndani, limetoboka. Pikipiki ya hivyo inagoma asubuhi kwa sababu mafuta yameingia injini usiku kucha, na oili inanuka petroli. Badilisha na oili pia.

Nduthi Limuru

Wadau, mmesahau vali. Nduthi ikiwaka poa asubuhi halafu ikikataa ikiwa moto, cheki tapeti (skrubu zinazopanga nafasi ya vali). Vali ikibana, joto linairefusha, haifungi sawasawa, na mgandamizo unapotea. Injini iwe baridi kabisa. Tia gia ya juu, toa plagi, zungusha gurudumu la nyuma mbele hadi vali ya kuingiza ishuke na kurudi, kisha endelea mpaka alama ya T kwenye magneti ilingane na ile ya kwenye kava. Tapeti zote mbili lazima ziwe na mchezo. CG ni milimita 0.08 kuingiza na kutoa. Injini nyingine zina namba zao, usikopi ya CG.

Kama tapeti ziko sawa na kiki bado ni nyepesi kama mchezo wa watoto, mwaga kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki kadhaa, pima tena. Kiki ikiwa nzito ghafla, ni ringi. Isipobadilika, ni vali au gasketi ya kichwa.

Spana10

Nakubali, mkuu, ila kukataa ikiwa moto si vali peke yake. Koili ya kupokea ishara kwenye magneti nayo hukatika ikipata joto na kurudi ikipoa. Injini ikigoma hapohapo, kabla haijapoa, toa plagi utazame moto. Moto haupo, acha tapeti.

Mgeni wa jamvi

Shikamooni wakubwa. Yangu nikibonyeza stata inalia "tak" moja tu, kiki inawaka. Ni stata imekufa?

Dada wa Spea

Marahaba. Usinunue stata bado. Pima betri ikiwa imetulia: 12.6 au zaidi ni nzima. Pima tena ukiwa umebonyeza stata. Ikishuka chini ya 9.5, betri imechoka au vichwa vyake vina kutu. Injini ikizunguka kasi ya kati inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.8, la sivyo chaja haichaji na betri mpya itakufa vilevile. Betri ya maji unaongeza maji ya betri tu, siyo asidi. Volti zikiwa nzuri na "tak" ikaendelea, ndipo tuzungumze rilei na kaboni za stata. Stata ikizunguka peke yake bila kuvuta injini, ni klachi ya stata, hiyo ni kazi ya kufungua kava.

Mwanzisha mada

Wa mafuriko pia naomba wapate neno, masika Jangwani, Dar es Salaam, na kwingineko yanafunika pikipiki nusu.

Mzee wa Kabureta

Ikizima ndani ya maji usipige kiki hata moja, na stata usiiguse. Maji hayagandamiziki, yakijaa juu ya pistoni unapinda fimbo yake. Isukume nje, toa plagi, swichi imezimwa, zungusha kwa kiki taratibu maji yatoke kwenye tundu. Mwaga bakuli la kabureta, toa filta ya hewa uikamue, inamisha bomba la moshi. Kagua oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, weka mpya, washa dakika tano, imwage tena. Oili ya kwanza iwe ya bei rahisi, maana hata hiyo unakwenda kuimwaga.