Mnaotembeza wageni Tanga, acheni kuwalisha watu uongo!!

Wakuu nimekasirika na sifichi. Jumamosi nilikuwa na shemeji na wanawe wawili kutoka Dodoma, mara yao ya kwanza Tanga, nikasema wasiishie Raskazone kuogelea na kula samaki tu, waujue na mji wenyewe. Nikamchukua jamaa mmoja anatembeza wageni, jina simtaji, elfu themanini siku nzima na gari lake.

Kwenye mapango ya Amboni akawaambia watoto pango linatokea Mombasa. Sawa, hiyo hadithi wote tumekua nayo, ila si umalizie basi kwamba ni hadithi?? Wataalamu walishayapima 1994, pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja.

Sasa Tongoni ndo nikachoka kabisa. Tumeenda kilomita 17 njia ya Pangani, tumefika pale kwenye gofu la msikiti na yale makaburi kama 40, nguzo nyingi zishaanguka zimelala chini. Mtoto mkubwa kaweka kidole kwenye kitundu cha duara ukutani kwenye kaburi, kaniuliza "bamdogo hapa palikuwa na nini?" kabla sijajibu jamaa kadakia eti Wajerumani walikuwa wanaweka taa. WAJERUMANI! Yale makaburi ni ya miaka ya 1300 na 1400 huko, ya Waswahili wa pwani hii hii, na hivyo vitundu vilikaa mabakuli na sahani za kutoka China na Uajemi, Mjerumani kaja miaka ya 1880 kakuta magofu!! Hata Vasco da Gama alipoichoma meli yake moja maeneo hayo 1499 watu walikuwepo wanaishi zao.

Mjini nako vita ya Novemba 1914 kaongelea wale nyuki waliovamia askari vitani tu, nyuki nyuki nyuki, askari wetu weusi waliopigana upande wa Mjerumani na Wahindi walioletwa na Mwingereza wakafia hapa hata neno moja hakuna.

Nikamvuta pembeni, ananijibu "bro, wageni hawajui, wao wanataka picha tu". Yaani dogo kashaandika kwenye daftari lake la shule "taa za Wajerumani", nimekaa naye kwenye gari tunafuta.

Kama hii ndo kazi yako na Tongoni huijui, nenda kakae na wazee wa pale kijijini hata nusu siku kabla hujashika hela ya mtu. Na wewe jamaa kama unasoma hapa, namba yangu unayo, hela yangu naitaka.