MJADALA: Michango ya harusi ilipe bendi ya live au DJ anatosha? Na ukumbi je?

Mweka Hazina Tabata

Wakuu habari za wikiendi. Naleta hili hapa maana kwenye kamati yetu limeshindikana, juzi tumekaa toka saa 11 jioni mpaka mwenye baa anaanza kutupandishia viti juu ya meza na bado hatujaelewana. Harusi ni ya mdogo wetu, hapa hapa Dar, Jumamosi baada ya Pasaka, wageni kama 300, na michango inaendelea kusuasua (kuna watu wameahidi toka Desemba, mnajijua).

Wajomba wanataka bendi. Sio kinanda na mwimbaji mmoja, bendi kamili, solo, rithim, besi, tumba, wapuliza tarumbeta na saksafoni, wanasema sherehe bila bendi ni kikao cha ukoo chenye keki. Vijana na wakina dada wa kamati wanasema DJ anatosha, hela inayobaki iende kwenye msosi na vinywaji. Bendi tuliyoongea nayo wametaja milioni 4, DJ laki 8 na taa zake humo humo.

Kumbi ziko tatu mezani: moja ya kisasa, kiyoyozi, vioo kila upande, marumaru chini. Ya pili bustani iliyozungukwa na nyumba za watu. Ya tatu ukumbi wa kizamani wa taasisi flani, feni tu, ila una jukwaa la mbao la maana. Sasa mimi siulizi kipi kitamu, nauliza hivi: hii ni hela ya watu, kamati ina haki ya kuimwaga kwenye bendi? Karibuni, matusi hapana.

Kijana wa Sinza

DJ. Uzi ufungwe.

Mama Wawili

Usifungwe kwanza. Mimi nachangia harusi karibu kila mwezi, kazini, kanisani, mtaani, vikoba, na kadi ya dabo siku hizi sio hela ndogo. Nikishatoa natarajia vitu vitatu: nikae, nile nishibe, nipate usafiri kabla usiku haujawa mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka gitaa. Alafu mnasahau kitu, bendi ya watu 12 ni sahani 12 na soda 24 na usafiri wa vyombo, hiyo milioni 4 sio milioni 4. Nimeshakaa kwenye harusi bendi inapiga vizuri kabisa huku meza za nyuma tumeletewa wali wenye mchuzi na kuambiwa kuku wameisha. Nani anacheza na njaa?

Mzee wa Zilipendwa

Wanangu, nimewasoma, niacheni niseme kidogo. Tatizo lenu sio hela, tatizo hamjui bendi inafanya kazi vipi mnaiita kama mnavyomwita mpiga picha. Hizi bendi zetu za dansi, chukua Msondo ambao chimbuko lao ni NUTA Jazz ya 1964, chukua Sikinde walioanza 1978, zilikulia ukumbini, mtu anaingia saa 3 usiku anatoka alfajiri, bendi inapiga masaa na masaa inausoma ukumbi taratibu. Na nyimbo zao zimetungwa hivo hivo. Unaanza na mashairi, pole pole, watu wanasogea wawili wawili, mnaongea huku mnacheza, kisha dakika ya nne au ya tano hivi magitaa yanabadilika, tumba inapanda, hapo ndo panaitwa chemko, na hapo ndo hata shangazi mwenye goti bovu anaacha pochi kwenye kiti.

Sasa nendeni harusi yoyote ya siku hizi mkatazame. Bendi imefika saa 10 jioni, imefunga vyombo, imekaa imevaa sare zake mpaka saa 4 usiku haijapiga kitu zaidi ya muziki wa kula. Inapewa nafasi, wimbo wa kwanza ndo umefika kwenye kuchemka, MC huyo na maiki, "asanteni sana, naomba sasa kamati ya akina mama waje na zawadi yao". Muziki unakatwa shingo. Mnarudi nyumbani mnasema bendi haikuchangamsha. Ingechangamsha saa ngapi?

Kwa hiyo msimamo wangu, kama hamna uwezo wa kuipa bendi saa moja na nusu isiyoguswa na mtu, mchukueni DJ na wala msijisikie vibaya.

Emsii wa Mjini

Shikamoo mzee. Lakini hapo umetuonea. MC hapangi ratiba, anapewa ratiba, tena imeandikwa kwa kalamu mbili tofauti. Tufanye hesabu ya kawaida: kadi imesema saa 12 jioni, maharusi wako ufukweni wanapigwa picha, wanaingia saa 2 na nusu. Ukumbi umeandika kwenye mkataba saa 6 usiku taa zinazimwa, ukizidisha unalipa. Hapo una masaa matatu na nusu. Humo ndani kuna kuingia kwa maharusi na kamati ikicheza stepu walizofanyia mazoezi mwezi mzima, utambulisho wa ukoo wa kushoto na wa kulia (baba mkubwa akirukwa ni kesi), shampeni, keki, keki ya wazazi, ndafu, chakula, hotuba mbili ambazo huwa nne, zawadi za wazazi, za wajomba, za wafanyakazi wenzake, za wanakwaya. Nitoe saa moja na nusu wapi? Nikiacha zawadi za kikundi kimoja kesho wananisema mimi, sio mwenyekiti.

DJ anaishi humo humo kwenye mianya. Nikisema sekunde thelathini za kuwasindikiza wazazi, anatoa. Bendi haiwezi, na si kosa lao.

Mzee wa Zilipendwa

Marahaba. Basi umekubaliana nami bila kutaka.

Kijana wa Sinza

Mzee mimi nakuheshimu ila tuseme ukweli, bendi nyingi zinazoletwa kwenye harusi sio hizo unazozikumbuka wewe. Unalipia jina, siku yenyewe wanakuja deiwaka watupu, mpiga solo katoka bendi ingine, dramsi kapatikana mchana, wanakutana kwenye gari. Nyimbo zenyewe kopi za Kongo na mbili tatu za bongo fleva wamezisoma kwenye simu njiani. DJ ananipa wimbo wenyewe na sauti ya mwenye wimbo. Kwanini nilipe zaidi nipate kivuli chake?

Fundi Mitambo

Hilo la deiwaka ni kweli linatokea, dawa yake ndogo tu, nendeni mkawasikilize wanapopiga kila wiki sio kwenye video waliyowatumia, na kwenye mkataba muandike idadi ya wanamuziki, wanapiga seti ngapi, za muda gani, na nani mwimbaji.

Mimi nataka niongelee ukumbi maana naona watu wanapita juu juu. Nafunga mitambo kwenye sherehe, nawaambia ukumbi ndo unachagua muziki, sio nyie. Huo wa vioo na marumaru ni mzuri kwenye picha, ila sauti ikitoka kwenye spika inagonga kioo inarudi, inagonga marumaru inarudi, dari refu nalo linaongeza lake. Dramsi za live humo ni vita, fundi anapandisha waimbaji wasikike juu ya dramsi, besi inapandishwa, gitaa linapandishwa, baada ya nusu saa wageni wanaongea kwa ishara na bibi wa bwana harusi anaombwa ahamishwe meza. Jaribio rahisi, nendeni ukumbi ukiwa mtupu, simama katikati upige kofi moja kali. Sauti ikikatika papo hapo bendi itafaa, ikizunguka inarudi kama mko pangoni chukueni DJ na aweke sauti ya kistaarabu. Ukumbi ukijaa watu na mapazia ya mpambaji mwangwi unapungua, ndio, ila hauishi.

Huo wa kizamani wenye jukwaa la mbao ndo wa bendi. Jukwaa limeinuka, wanamuziki wanaonekana, hawapangwi pembeni karibu na mlango wa jikoni wahudumu wanawagonga na masinia.

Kingine umeme. Ulizeni jenereta ya ukumbi inabeba nini. Unakuta inabeba taa na feni, ukiongeza mitambo ya bendi, taa za DJ na majiko ya umeme ya katering inakata. Ikikata DJ anarudi na laptop yake fasta, bendi inaanza upya kila kitu.

Jirani Mwema

Naomba nami nisikike japo sina harusi. Mtoa mada umeandika "bustani iliyozungukwa na nyumba za watu" ukapita kama hamna kitu. Sisi ndo hao watu. Mimi naishi nyuma ya bustani ya aina hiyo, kila Ijumaa na Jumamosi najua maharusi wameingia na wimbo gani, najua MC ametania nini, mtoto wangu wa miaka minne anaimba nyimbo za zawadi. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele toka 2015 na NEMC, baraza la mazingira la taifa, imeshafungia sehemu za starehe kwa ajili hiyo, lakini bustani za sherehe watu wanaona aibu kulalamika kwa sababu ni harusi, nani anataka kuwa adui wa harusi? Bendi au DJ kwangu hamna tofauti. Jambo lenu la siku moja, kwangu ni kila wiki.

Mama Wawili

Alafu baada ya Pasaka si masika hayo! Bustani wapi na mvua ya Dar? Kwaresima watu hawafungi ndoa kanisani, ikiisha kila mtu anakimbilia tarehe zile zile na mbingu ndo zinafunguka. Nimeshaona mpambaji anakamua vitambaa vya meza kama nguo za sabuni.

Binti Unguja

Bara mnanshangaza, mnajadili kama dunia ina bendi ya watu 12 na DJ tu. Huku kwetu mtu asiye na uwezo wa kuleta taarabu kamili huita kidumbaki. Fidla moja, vidumbaki viwili, sanduku la kamba moja ndo besi, cherewa za kutikisa na mkwasa wa vijiti, muimbaji, basi. Hakitaki jukwaa kikitokea uwani, na wanawake wakishaanza kucheza hawakai. Na jengine, huku muimbaji hutuzwa. Wimbo ukikugusa unainuka unaenda na noti yako taratibu huku unacheza, unamuekea, unarudi, wengine wanainuka kwa kukushindana. Furaha ya kutoa kwa mkono wako mbele za watu sio sawa na kukatwa kwenye michango usiyojua imekwenda wapi. Mcheza kwao hutunzwa, sio hulipwa na kamati.

Mtumishi

Na sisi tuliookoka tusisahauliwe. Harusi zetu hakuna pombe, kwa hiyo muziki ndo kila kitu, na bendi ya sifa ya kanisa inapiga live kuliko hizo zote, wengi ni marafiki wa maharusi. Tunawapa usafiri, chakula na bahasha ya heshima. Angalizo tu, bahasha isiwe ya matani, vijana wanatoa Jumamosi yao nzima alafu mnawaambia Mungu atawalipa. DJ alilipwa na Mungu?

Kijana wa Sinza

Hapo kwenye DJ umenimaliza 😂

Mweka Hazina Tabata

Nimewasoma wote. Bustani nimeifuta, Jirani samahani na Mama Wawili asante kwa mvua. Ukumbi wa kizamani jana nimeenda nimepiga kofi, mlinzi akadhani namwita, lakini sauti imekatika safi. Bei yake pia ni chini sana ya ule wa vioo, na wanaruhusu tulete vinywaji vyetu, kwa hiyo hapo tu tumeokoa. Kinachobaki ni ile hoja ya hela ya watu, na kwa kweli Binti Unguja ndo kanifungua kichwa. Nimewaambia wajomba bendi haimo kwenye bajeti ya kamati, bajeti ina DJ, anayetaka bendi aitunze kwa mkono wake. Wakijichanga ikatimia inakuja, isipotimia hakuna lawama. Mmoja katoa laki 5 pale pale kwa hasira, wawili wamesema wanasubiri mwisho wa mwezi.

Mama Wawili

Hapo sasa. Ila jiandae, atakayelipa bendi ndo atataka kupanga ratiba.

Fundi Mitambo

Na DJ na bendi watumie mtambo mmoja, msikubali kila mtu aje na spika zake, watashindana usiku kucha. Mwambieni DJ mapema asije akavimba mlangoni.

Mzee wa Zilipendwa

Mimi nataka moja tu liandikwe. Saa 3 na nusu bendi iwe juu ya jukwaa na isikatwe mpaka saa 5. Keki na ndafu kabla ya hapo, utambulisho ufanyike watu wakiwa wanakula.

Emsii wa Mjini

Utambulisho watu wakiwa wanakula, mzee? Baba mkubwa ainuke na paja la kuku mdomoni? Haya, keki mapema nakubali, na saa 3 na nusu nitaachia maiki. Ila zawadi za upande wa bibi harusi mtawaeleza wenyewe kwamba zinapokelewa mlangoni kwenye boksi, mimi simo.