Nimeambiwa "mkanda ni mkanda" mbele ya mama mkwe

Wakuu, heshima yenu. Ninaandika uzi huu nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya barabara ya Segera, hatua chache kabla ya kufika Mkata, pamoja na mke wangu, watoto wanne, mama mkwe, na Ipsum ya zamani ambayo tangu saa nne asubuhi imegeuka chumba cha kulala. Tulikuwa tunakwenda arusini Korogwe. Sitamtaja aliyenifikisha hapa, kwa sababu mnamjua. Ni yule wa chini ya mwarobaini, mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza haikumbukwi na mtu, ambaye kila gari likifika kwake hulilalia boneti kwa sikio kama daktari, kisha husema, "Hii ndogo."

Miezi minne iliyopita nilimpa shilingi 180,000 anibadilishie mkanda wa taimingi. Alimaliza kwa dakika arobaini. Badala ya kushtuka, nilimsifu kwamba ana mkono mwepesi, nikamwongezea na hela ya soda.

Leo injini imezimika gari likiwa katika mwendo wa 80, bila mlio wala moshi, na usukani ukawa mzito kama wa trekta. Nilipopiga stata, ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyo na uzi. Kijana wa gereji ya hapa Mkata alikuja na spana namba 10, akafungua kifuniko cha juu, ambacho bolti zake zilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mchicha, akauvuta nje mkanda wenyewe: meno yameng'oka, na mgongo umepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Nikampigia simu mtu wangu. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu niliweka spika ili familia yote isikie jinsi mtu mzima anavyoomba radhi. Alinijibu kwa utulivu wa mtu anayetafuna muwa: "Bosi, mimi nilikubadilishia mkanda wa nje, ule wa altaneta. Kwani wewe ulitaka upi? Mkanda ni mkanda."

Mkanda ni mkanda! Huo wa nje ukikatika, taa ya betri inawaka. Huu wa ndani ndio unaofanya kamshafti, inayofungua valvu, izunguke kwa kufuata krankishafti, inayozungushwa na pistoni, na katika injini hii ndio unaozungusha hata pampu ya maji. Ni sawa na daktari wa meno akung'oe ukucha, kisha akuulize kwani ulitaka kipi, maana vyote ni vigumu.

Kabla sijapata pumzi, aliongeza kwamba kwa uzoefu wake valvu zote kumi na sita zimekwisha kupinda, hivyo niandae shilingi 900,000. Hilo nimemsamehe. Kinachonichoma hapa juani ni mkanda ni mkanda, na jinsi mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka kumi na moja nimejitahidi asigundue kwamba sijui magari, alivyofuta jasho kwa upindo wa khanga na kuniuliza taratibu: "Baba Neema, kwani alipokuwa anabadilisha, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nakunywa supu, wakuu.

Mchumia Juani: Pole sana, mkuu. Supu ya shilingi 180,000 ilikuwa na kongoro?

Bibi Karafuu: Kama ni Ipsum yenye injini ya 3S-FE, usimpe mtu hata senti ya valvu. Mkanda wa injini hiyo ukikatika, pistoni hazizifikii valvu. Funga mkanda mpya, badilisha na beringi ya kukazia, mpange vizuri alama za gia, kisha uwashe. Na safari hii usiondoke ukatafute supu.

Kigingi: Afadhali yako. Mimi nilikuwa na Mark II yenye injini ya 1G ya BEAMS, ambayo mkanda ukikatika valvu zinapinda kweli. Fundi wangu aliuchungulia kwa tochi ya simu akasema bado una maisha. Maisha hayo yaliishia katikati ya Mikumi, saa nane za usiku, huku tembo wakituangalia kama watu tuliowakosea adabu.

Mzee wa Kona: Ndiyo sababu kila siku nawaambia mnunue IST. Injini ya 1NZ ina mnyororo, na haya mambo ya mikanda utayasoma kwa wenzako tu.

Ndimu Chungu: Mnyororo nao unataka oili, Mzee. Shemeji yangu hakubadilisha oili mwaka mzima, na sasa IST yake ikiwa bado mtaa wa pili tunajua kwamba anakuja, maana inasikika kama mtu anayetwanga kisamvu.

Mleta mada: Mrejesho: mkanda umeletwa na basi kutoka Dar es Salaam, kijana amepanga alama, na gari limewaka kwa stata moja. Valvu zote ni nzima. Naomba turudi kwenye mada, kwamba mtu niliyemlipa ameniambia mkanda ni mkanda, tena kwenye spika.

Mzee wa Kona: Mada tumeielewa, mkuu. Ndimu Chungu, kelele hizo zinasikika asubuhi tu au hata injini ikishapata moto?

Kigingi: Na mimi bado sijamaliza habari ya tembo.

Mpita Njia: Samahani, mleta mada, naomba unitumie faraghani namba ya fundi huyo. Mkanda wangu wa altaneta unalia kila nikiwasha gari, na nimesoma uzi wote sijaona mahali uliposema kwamba huo aliokufungia yeye umekatika.